Kutoka mtaani hadi kwenye kasma: mwongozo kamili wa kuingiza tabianchi na nishati katika bajeti ya Jiji la Mwanza

Mvua ya saa moja tu vilimani inatosha kuujaza Mto Mirongo. Maji huteremka kwenye majabali ya Mabatini na Isamilo pasipo kitu cha kuyapunguza kasi, yakazoa mchanga na chupa za plastiki, yakaingia vyumbani mwa watu wa bondeni, ndipo yakamwagika ziwani. Katika jiji hilohilo kuna shule zinazopikia watoto uji kwa kuni za kununua, zahanati ambazo mkunga hushika tochi umeme ukikatika usiku, na pampu zinazokula umeme saa zote ili kuyapandisha maji ya ziwa hadi kwenye matangi ya juu. Haya yote ni mambo ya tabianchi na nishati, na yote, kwa sehemu kubwa au ndogo, hupita mikononi mwa halmashauri.

Kwenye mikutano ya hadhara tumezoea kusema "serikali itusaidie". Kauli hiyo haina pa kuandikwa. Kabrasha la bajeti lina safu za shughuli, kiasi, chanzo cha fedha na idara inayohusika. Jambo lisilopata kasma, yaani nafasi yake kwenye safu hizo, halitekelezwi, hata kama kila diwani analikubali moyoni. Mwongozo huu ni wa kulifikisha jambo lako pale. Nimewaandikia wajumbe wa kamati za mitaa, walimu, wazazi, wanavikundi, mamalishe na viongozi wa mialo ya samaki, yaani watu ambao tayari wanalijua tatizo kwa sababu wanaishi nalo.

Hatua ya 1: Jua jambo lako liko mikononi mwa nani

Hapa ndipo hoja nyingi nzuri hufia, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza, Mwanza tunayoiita jiji ina halmashauri mbili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza inashika Wilaya ya Nyamagana: Pamba, Mirongo, Mabatini, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Igoma, Buhongwa na kata nyingine. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi na Buswelu ziko Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa 2012. Kwa pamoja, Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.1. Hoja ya mwalo wa Kirumba ukiipeleka ofisi za Jiji utapokewa kwa heshima, kisha utaelekezwa kwingine, na miezi imekwisha. Hatua zilizomo humu zinafaa pande zote mbili, ila hakikisha uko kwenye ofisi yako.

Pili, ndani ya eneo lako kuna mamlaka kadhaa. Mitaro ya barabara za mjini imekuwa kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu uanze 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Mto wenyewe na matumizi ya maji yake husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Maji ya bomba na majitaka ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Umeme ni wa TANESCO, na bei yake hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Hakuna diwani anayeweza kukupunguzia bei ya yuniti ya Luku, hata akikuahidi. Tathmini ya athari kwa mazingira ni ya NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Halmashauri yenyewe imebaki na nini? Imebaki na mengi. Shule za msingi na sekondari za serikali. Zahanati na vituo vya afya. Masoko na stendi. Uzoaji wa taka na dampo la Buhongwa. Vibali vya ujenzi na mipango miji, pamoja na Mpango Kabambe wa jiji unaoishia 2035. Upandaji miti. Sheria ndogo. Mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ukitaka ushindi wa kwanza, chagua jambo lililomo ndani ya orodha hii, kwa sababu maamuzi yake hayasubiri taasisi nyingine.

Jambo likiwa la TARURA au MWAUWASA usiliache. Mameneja wa taasisi hizo huitwa kutoa taarifa mbele ya madiwani, na swali la diwani lililoandaliwa vizuri lina uzito. Ila andika wazi kwenye hoja yako: "Tunaomba baraza liielekeze hoja hii TARURA", badala ya kuomba halmashauri ichimbe mtaro ambao si wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 itakusaidia kila mahali. Inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziwe na ofisa wa mazingira na kamati ya mazingira, na ziandae mpango wa utekelezaji wa mambo ya mazingira. Inakataza pia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kipengele hicho kitumie kwa uangalifu na kwa utu. Kando ya Mirongo wanaishi watu waliopanga chumba pale kwa sababu ndipo kodi walipoiweza, na hoja ya mafuriko inayoishia kwenye kuwafukuza bila pa kwenda haijatatua chochote. Imewahamishia mlimani kwenye mawe, ambako nako maji hushuka.

Hatua ya 2: Kusanya hesabu zako mwenyewe

Ofisa mipango hawezi kuingiza huzuni kwenye mfumo wa bajeti. Anaingiza idadi na kiasi. Habari njema ni kwamba hesabu zinazohitajika zinawezekana kwa daftari, futi kamba na simu.

*Mafuriko.* Baada ya kila mvua kubwa, pitia nyumba zilizoingiliwa na maji, pima kimo cha alama ya tope ukutani, andika tarehe, saa na jina la mtaa. Piga picha ukiwa umesimama palepale kila mara, ili picha ya Novemba ilinganishwe na ya Aprili. Waulize wazee waliokaa pale muda mrefu mwaka gani maji yalifika wapi. Orodhesha na hasara: magodoro, mashine ya cherehani, siku ambazo watoto hawakwenda shule. Kwa watu wa ufukweni ongeza kimo cha ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi iliyowekwa 1964, na 2024 likapanda tena. Wavuvi wa mialo wanazo alama zao za miaka hiyo kwenye nguzo na miamba, na alama hizo ni ushahidi.

*Kuni za shule.* Nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule. Uliza mambo manne: kuni hununuliwa kwa lori au kwa mzigo, kila baada ya muda gani, kwa bei gani, na nani analipa. Mara nyingi utakuta wazazi ndio wanaochangia, kwa hiyo gharama haionekani kabisa kwenye vitabu vya halmashauri. Hilo ndilo la kulionyesha. Msingi wa kisera unao tayari: Serikali imekwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Halmashauri inayoisaidia shule kubadili jiko inatekeleza agizo, haimfanyii mtu hisani.

Hapa nina neno la kusisitiza, kwa sababu nimeona majiko mazuri yakigeuka meza za kuwekea sufuria. Kununua jiko na mitungi ni fedha za maendeleo, za mara moja. Kujaza gesi ni matumizi ya kila mwezi. Bajeti ikiwa na la kwanza bila la pili, mitungi itakwisha katikati ya muhula na wapishi watarudi kwenye mafiga. Andika yote mawili, kwenye mistari miwili tofauti, tangu siku ya kwanza. Linganisha pia njia nyingine: jiko banifu, mkaa mbadala unaotengenezwa na vikundi, na jiko la umeme la presha, ambalo huivisha sufuria ya nyumbani ya maharage kwa chini ya yuniti moja. Kwa sufuria ya wanafunzi mia kadhaa umeme unahitaji nyaya na mita zinazobeba mzigo huo, kwa hiyo mpate fundi aliyesajiliwa akague jengo kabla hamjaandika.

*Taa za barabarani na sokoni.* Hesabu ni nyepesi na inawashawishi madiwani haraka. Taa ya zamani ya wati 250 ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa mwaka hutumia yuniti 1,095. Taa ya LED ya wati 100 kwa saa hizohizo hutumia 438. Tofauti ni yuniti 657 kwa nguzo moja. Zidisha kwa idadi ya nguzo za soko lenu, kisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye ankara ya halmashauri. Umepata kiasi ambacho halmashauri inaweza kukiokoa kila mwaka, na umepata miaka ambayo taa mpya zitajilipa.

*Sola ya zahanati.* Orodhesha vifaa ambavyo havitakiwi kuzimika: jokofu la chanjo, taa za chumba cha kujifungulia, mwanga wa mapokezi. Soma wati nyuma ya kila kifaa, zidisha kwa saa. Kwa jua la kwetu, paneli za kilowati 1 hutoa takriban yuniti 4 kwa siku. Kama ilivyo kwa gesi, betri huchoka na hubadilishwa, iandikwe.

*Maji.* Hili watu wachache hulihesabu kama nishati, na kwa mji wa vilima kama huu ni kosa kubwa. Kuinua lita 1,000 za maji kwa kimo cha mita 100 hula zaidi ya robo yuniti ya umeme hata pampu ikiwa kamilifu, na kwa pampu za kawaida hukaribia nusu yuniti. Bomba likipasuka Bugando au Isamilo, linavuja maji na linavuja umeme uliokwisha lipiwa. Kwa hiyo orodha ya mabomba yanayovuja mtaani, pamoja na tarehe mlizoripoti, ni hati ya nishati. Na kinyume chake, kila lita inayokingwa kwenye paa haikupandishwa na pampu, wala haikuteremka kwenda kuujaza Mirongo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita 1. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la shule lenye mita za mraba 200 hupokea karibu lita 200,000. Ukitoa zinazorukia nje na kupotea, bado zinabaki nyingi za kuoshea mikono, vyoo na bustani. Gata na simtanki kwenye shule za mlimani ni mradi ambao ningeuweka mbele ya mingine yote: ni wa halmashauri moja kwa moja, unapunguza mafuriko, unaokoa umeme, na unaonekana kwa macho msimu wa kwanza tu.

*Taka.* Pimeni kwa wiki moja taka za soko lenu, mkitenganisha zinazooza na zisizooza. Maganda, majani na mabaki ya samaki yakifukiwa dampo hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto duniani kuliko hewa ya ukaa uzito kwa uzito. Yakitengenezwa mboji hayatoi gesi hiyo kwa wingi huo, na lori la kwenda Buhongwa linapunguza safari.

Kama mnahitaji takwimu zilizo mikononi mwa ofisi, ombeni kwa barua mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Mwongozo wa kitaifa wa kuandaa mpango na bajeti hutoka karibu na Novemba. Kati ya Novemba na Februari halmashauri huandaa rasimu yake, hupita kwenye kamati, huidhinishwa na Baraza la Madiwani, kisha hupanda mkoani na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, hadi Bungeni, ambako hujadiliwa kati ya Aprili na Juni.

Kwa lugha nyepesi: mafuriko ya masika hutupata Machi na Aprili, tukiwa na hasira na ushahidi mbichi, lakini bajeti ya mwaka unaofuata imekwisha pita kwenye baraza. Hasira hiyo ikisubiri Novemba inakuwa imepoa. Kwa hiyo tumieni masika kukusanya ushahidi, Juni hadi Agosti kuuandika vizuri, Septemba na Oktoba kuupitisha mtaani na kwenye kata. Vuli ikianza kunyesha, hoja yenu iwe imekwisha fika ofisi ya mipango.

Hatua ya 4: Anza na mkutano wa mtaa

Usiruke ngazi hii kwa sababu unamfahamu diwani. Halmashauri hupanga kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unataka vipaumbele vianzie kwa wananchi. Kipaumbele kilichomo kwenye muhtasari wa mtaa, chenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji na orodha ya mahudhurio, kina nguvu ambayo simu ya usiku haina.

Mwone mwenyekiti wa mtaa mapema, umwombe aliweke jambo kwenye ajenda. Likija kwenye mengineyo, watu watakuwa wameanza kuondoka. Usifungue kwa maneno makubwa. Sema hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, mama zangu, baba zangu na ndugu zangu, mwaka huu nyumba hizi ziliingiliwa na maji, hapa nina orodha. Shule yetu iko juu, paa lake halina gata hata moja, na maji yote yale yanatushukia sisi. Tunaomba mtaa upitishe kuwa gata na matangi ya shule ndicho kipaumbele chetu cha kwanza." Mtu akisema jambo hilo ni dogo, mwache aliye na nyumba bondeni amjibu.

Wakumbuke ambao mkutano wa mchana hauwafikii: mamalishe, waendesha bodaboda, wanaokwenda ziwani usiku. Wafuate walipo, uchukue maoni yao, uyasome mkutanoni kwa ridhaa yao. Wanaovua dagaa wana mengi ya kusema juu ya nishati. Wengi wametoka kwenye karabai za mafuta ya taa kuja kwenye taa za sola na betri, na mvua zisizotabirika zinawaharibia dagaa walioanikwa, kwa hiyo vichanja na vikaushio vya jua kwao ni suala la kipato cha wiki hii.

Tokeni na jambo moja, mawili yakizidi sana. Mtaa unaopeleka vipaumbele kumi na vinne umemwachia mtu mwingine kazi ya kuchagua.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja, kwa sababu ndio utakaoambatanishwa kwenye kabrasha na ndio utakaosomwa. Muundo huu unafaa. Weka takwimu zenu penye nukta:

*Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Maendeleo ya Kata ya …*
*Kupitia kwa: Mtendaji wa Mtaa wa …*

*YAH: OMBI LA KUINGIZA UVUNAJI WA MAJI YA MVUA SHULE YA MSINGI … KATIKA MPANGO NA BAJETI YA MWAKA …*

*Tatizo: Paa la mita za mraba … halina gata. Maji yake huteremka Mtaa wa …, ambako kaya … ziliingiliwa na maji tarehe … Shule hununua maji kwa Sh … kwa mwezi.*
*Shughuli inayoombwa: Kufunga gata mita … na matangi … ya lita …*
*Gharama: Sh … (makadirio ya fundi yameambatanishwa). Matengenezo kwa mwaka: Sh …*
*Mchango wa wananchi: Msingi wa matangi na kusafisha gata kabla ya vuli na masika.*
*Idara husika: Elimu Msingi, kwa kushirikiana na Kitengo cha Maliasili na Uhifadhi wa Mazingira.*
*Uthibitisho: Muhtasari wa mkutano wa mtaa wa tarehe …*

Mstari wa idara husika usiuache wazi. Jambo la tabianchi huelekea kuelea kati ya mazingira, mipango miji, elimu na afya, kila mmoja akidhani ni la mwenzake. Ukikubaliana mapema na mkuu wa divisheni mmoja kwamba litakaa kwake, umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 6: Kata, kamati, baraza

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, wajumbe wakiwamo wenyeviti wa mitaa yote ya kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Ongeeni na wenyeviti wa mitaa jirani kabla ya kikao. Mtaa wa juu wenye paa na mtaa wa chini wenye mafuriko wakiwa na hoja moja, hakuna wa kuikataa.

Kutoka hapo hoja huingia kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati za kudumu. Mambo yetu mengi hupita Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Ya shule na zahanati hupita inayoshughulikia uchumi, afya na elimu. Zote huishia Kamati ya Fedha na Uongozi, ambako kiasi hukatwa au huachwa. Diwani wenu anaweza kuwa hayumo kwenye kamati mnayoihitaji. Ulizeni nani yumo, na msiwasahau madiwani wa viti maalumu. Masuala ya kuni, maji na chumba cha kujifungulia wengi wao wanayafahamu kwa undani.

Mkutano wa Baraza la Madiwani hufanyika angalau kila miezi mitatu na uko wazi kwa wananchi. Utakaa sehemu ya wageni, utasikiliza, hutazungumza. Nendeni hata hivyo, watu watano au sita, kwa utulivu. Diwani anayeuliza swali huku wapiga kura wake wakimtazama huuliza kwa ukamilifu, na mkurugenzi hujibu kwa ukamilifu. Swali lenyewe mwandalieni kwa maandishi, na liwe linalojibika: "Je, ni shule ngapi za Jiji zimeacha kuni, zipi bado, na kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya hizo zilizobaki?" Swali la namna hii hujibiwa kwa takwimu, na takwimu hizo zikishatamkwa barazani zinaingia kwenye muhtasari, mnaweza kuzirejea mwaka ujao.

Sambamba na mradi wenu, ombeni baraza jambo kubwa zaidi: mpango mmoja wa jiji wa tabianchi na nishati. Kuna utaratibu unaotumiwa na miji iliyo kwenye Agano la Mameya la Afrika Kusini mwa Sahara, ulioanza 2015, wenye nguzo tatu: kupunguza gesi joto, kuhimili athari, na kuwafikishia watu nishati. Jiji halihitaji kusubiri mtu wa nje ili kuanza. Orodha ya ankara za umeme za majengo yake yote, ramani ya maeneo yanayofurika, na orodha ya shule na nishati zinazopikia ni mwanzo tosha, na vyote vimo ndani ya ofisi zake.

Hatua ya 7: Onyesha fedha zitatoka wapi

Mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko, stendi, leseni na ada ya huduma, ndiyo chanzo cha haraka zaidi, na sehemu yake hutakiwa kwenda kwenye miradi ya maendeleo. Miradi midogo kama gata, taa za LED na majiko inaingia humo bila tabu. Mfuko wa Jimbo, unaosimamiwa na kamati inayoongozwa na mbunge, unaweza kuongezea nguvu mradi ulioanzishwa na wananchi.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mkaa mbadala, cha mboji kutoka soko la Igoma au cha kuchaji betri za wavuvi kinafaa kabisa. Hii ni mikopo ya kurejeshwa, kwa hiyo andikeni biashara inayolipa.

Kwa miradi mikubwa, wakumbusheni madiwani kilichofanyika Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza kwa wawekezaji hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo wa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, kwa ajili ya kuboresha huduma ya maji. Benki ya CRDB nayo iliidhinishwa 2019 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa wa miradi ya tabianchi, kupitisha fedha zake. Njia hizi zinahitaji hesabu safi na miaka ya maandalizi, ndiyo maana orodha za hatua ya pili zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana.

Hatua ya 8: Fuatilia mpaka mwisho

Kupitishwa na kutekelezwa ni mambo mawili. Kuanzia Julai, ulizeni kila robo mwaka kwenye taarifa ya kata: fedha ya kifungu chetu imetoka? Kiasi gani? Zabuni imetangazwa? Manunuzi ya umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kazi ndogo hufanywa kwa mafundi jamii, yaani mafundi wa eneo husika. Pale ombeni mjumbe wa mtaa awemo kwenye kamati ya mapokezi, ili matangi yapokewe na mtu anayejua yaliombwa ya lita ngapi. Mwezi Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwekwa hadharani. Someni sehemu inayogusa halmashauri yenu.

Kwa miti, badilisheni swali. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa nyingi huhesabu iliyopandwa. Ninyi ulizeni iliyo hai baada ya kiangazi kimoja, na nani alilipwa kumwagilia.

Hoja ikikatwa, pateni sababu kwa maandishi: fedha hazikutosha, idara haikuwa sahihi, au makadirio yalikuwa na kasoro? Rekebisheni palepale. Tengenezeni jalada la mtaa lenye muhtasari, picha, makadirio na majibu yote, nakala moja ikae ofisi ya mtendaji na nyingine kwa mjumbe asiye mtumishi, kwa sababu watendaji huhamishwa na madiwani hubadilika kila uchaguzi. Oktoba ikifika, jalada hilo lifunguliwe kwenye mkutano wa mtaa wa kwanza, na hoja iingie kwenye ajenda ikiwa na takwimu za mvua mpya.